Siku Kumi na Nane Mlizonificha Kifo cha Papa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mniitikie taratibu tu, leo sina sauti kubwa. Kwa wageni, mimi ni Mapendo, mtoto wa kwanza wa Mama Mapendo, yule aliyekaa mstari wa nne mwenye kitambaa cha bluu. Wengine mnanijua tangu nilipoimba kwaya ya watoto hapa hapa Houston, kabla hatujapata hata viti hivi. Nilimwomba mchungaji dakika kumi. Akaniuliza kama nitaweza kumaliza bila kulia. Nikamwambia sitaweza, akanipa hivyo hivyo.

Nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyonifungua kutoka kwenye uchungu. Uchungu wenyewe ulikuwa juu ya mama yangu, na juu yenu ninyi. Ndiyo, ninyi. Msiangalie chini.

Baba yangu, papa kama tunavyosema sisi watu wa Uvira kule Kongo, alifanya kazi miaka tisa kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Wenzake karibu wote walitoka Meksiko na Honduras, naye akajifunza Kihispania chao cha kazini. Likizo moja nilikwenda kufanya kazi naye, nikamkuta anawatania mpaka wanashika mbavu. Papa, ambaye Kiingereza kilimtoa jasho, alikuwa mtu mwingine kabisa kwenye lugha ile. Nikaipenda. Nikaingia chuo kusoma Kihispania ili niwe mkalimani hospitalini, maana mwaka wetu wa kwanza hapa papa alilazwa wiki nzima bila mtu wa kumwelewa, na hakuacha kutusimulia.

Chuo kikanichagua kwenda muhula mmoja Hispania, mji wa Valladolid. Mliniwekea mikono hapa mbele, mnakumbuka. Papa alikwenda duka la mitumba kule Alief akaninunulia koti la baridi, la kiume, mikono yake inafunika vidole. Nililivaa uwanja wa ndege kwa sababu alikuwa ananiangalia. Ndani ya ndege nikalivua.

Ndugu zangu, nilifika kule nikidhani najua. Nilipangiwa chumba kwa mama mmoja mjane, señora Encarna, mwembamba, asiyecheka ovyo. Kwao chakula cha mchana kinaliwa saa tisa, na tumbo langu la Houston lilikuwa linalia tangu saa sita. Nyumba yao ya ghorofa ilikuwa na ubaridi wa ukutani ambao sikuwahi kuujua. Lakini hayo ni madogo. Siku ya kwanza darasani mwalimu alinisimamisha nijieleze. Nikajieleza kwa kujiamini kabisa. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, tena kwa upole, kwamba naongea vizuri lakini naongea kama mpakia mizigo. Ningemjibu nini? Nilijifunza kwa wapakia mizigo! Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Mitaani watu waliniuliza natoka wapi. Nikisema Texas, wanacheka, wanataka kujua kwetu hasa ni wapi. Nikisema Kongo, wananiuliza kama nilivuka kwa mashua. Wiki ya tatu nikachoka. Nikajiunga na wanafunzi Waamerika na nikawa Mwamerika kuliko wao. Nikajiita May. Wazazi wangu nikasema ni watu wa Houston, basi. Mimi niliyezaliwa kambi ya wakimbizi, nikala mahindi ya msaada, nikawa May wa Houston. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla ya kosa la mtu mwingine yeyote.

Jumatano moja nimekaa nao mgahawani, simu ikaita. Papa. Kwake ilikuwa alfajiri, alipenda kupiga kabla ya kuingia kazini. Nikawaza, nikijibu kwa Kiswahili, hawa wataniuliza hiyo ni lugha gani, na maswali yataanza upya. Nikapokea kwa Kiingereza, nikamwambia niko darasani, nitampigia baadaye.  Akasema, “Sawa, mama. Soma.” Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa papa yangu. Na sikuwa darasani. Nilikuwa nakula mkate na jibini.

Kesho yake, Alhamisi, papa alianguka pale ghalani. Presha. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali.

Mimi sikuambiwa.

Wageni huenda mkashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, habari ya kifo haiambiwi mtu akiwa peke yake. Wakubwa wanatumwa kwako. Wanakaa, wanaomba maji ya kunywa, mmoja anakusogelea na kukushika mkono, ndipo unaambiwa. Sasa mimi niko Valladolid, nani atanishika mkono? Mlifanya kikao humu humu, mkakubaliana kwamba Mapendo asiambiwe kwa simu mpaka wapatikane Wakongomani wa kwenda kukaa naye. Mkaapa wote. Watu wa kanisa hili, ambao mtu akiposwa asubuhi, mchana Dallas wanajua rangi ya mashati ya harusi, mara hii mkafunga midomo!

Mama alinipigia kila siku kwa sauti nzuri. Nikimuuliza papa, simu yake imeharibika. Kesho, ameingia zamu mbili. Kesho kutwa, amekwenda kwa shangazi kule DeSoto, karibu na Dallas. Na kila mara kabla ya yote aliniuliza, “Uko na nani hapo?” Nilimjibu niko peke yangu chumbani, nasoma. Anavuta pumzi, anasema basi, usome, Mungu akulinde. Nikafikiri ananichunga kwa ajili ya wavulana, nikaudhika. Siku ya tisa mkamzika papa. Siku hiyo mama alinipigia kama kawaida na kuniuliza kama nimekula.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumapili. Señora Encarna alikuwa jikoni anapika dengu, mimi nimekaa mezani napitisha macho kwenye simu. Kuna mama mmoja wa DeSoto ambaye hakuwa kwenye kikao, na hakuna aliyemwonya. Alikuwa ameweka picha. Nikaona watu wetu wamevaa fulana nyeupe zenye sura ya papa kifuani. Kwanza nilidhani kanisa limemfanyia papa sherehe ya shukrani. Nilitabasamu, ndugu zangu. Nilitabasamu! Kisha nikaona chini ya sura yake kuna tarehe mbili. Picha iliyofuata, mama yangu amekaa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na macho yake hayaangalii kitu.

Sijui nililia kwa lugha gani. Señora Encarna alikuja mbio, akaiangalia simu, akamwona papa, akaniangalia mimi.  Alizima jiko, akafunga madirisha, akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa nguo nyeusi. Mtu ambaye hakumjua papa hata jina. Akakaa nami mpaka jua likazama.

Lakini shetani naye alipata nafasi yake. Nilimpigia mama. Alipopokea na kuniuliza niko na nani, nikakata. Nikachukua simu nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kikundi cha kanisa lote. Mliisikia. Nilisema mama yangu ni mwongo. Nilisema amenizikia baba kwa siri, kama mtu anayeficha wizi. Nilisema kuanzia leo sina mama. Wengine mnayo mpaka leo kwenye simu zenu.

Kesho yake, Jumatatu, kengele ya mlango ikalia. Chini barabarani walikuwa wamesimama mchungaji mmoja Mkongomani na mamas wawili, wamesafiri kwa basi kutoka Madrid. Ndio mliowatafuta siku zote zile. Wamekuja kukaa na mimi, wamebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Walichelewa siku moja. Niliwaangalia kutoka dirishani. Señora aliniomba niwafungulie. Nikakataa. Walisimama kwenye baridi karibu saa nzima, wakaimba wimbo mmoja polepole, wakaacha sufuria mlangoni, wakaenda zao. Mpaka leo sijui majina yao. Kama kuna mtu anawajua, awaambie nimetubu.

Nilimaliza muhula kwa hasira, si kwa nguvu. Nilipokata tiketi ya kurudi nilichagua Dallas, si Houston. Nikahamia DeSoto kwa shangazi, dada yake papa. Naye alikuwa amenificha vilevile, lakini uchungu hauna haki, unachagua wa kumuuma. Miezi saba sikuongea na mama. Kila Jumapili alipiga, nikaiacha simu ilie mpaka ichoke. Kuna siku alikuja kwa basi kutoka Houston, zaidi ya saa nne njiani, amebeba sombe, kisamvu chetu, kwenye bakuli. Nilijifungia chumbani. Nikamsikia anaongea na shangazi sebuleni, anauliza kama nalala vizuri. Jioni akaondoka. Ile sombe niliila, ndugu zangu. 

Nikapata kazi ya ukalimani hospitali moja kule Dallas. Kanuni ya kazi yetu ni moja: unasema kilichosemwa, huongezi, hupunguzi, hucheleweshi. Niliipenda kanuni hiyo. Nilijiambia, hapa hakuna wa kumficha mtu habari yake.

Siku moja mchana nikaitwa. Dada mmoja wa Honduras, umri wangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na viatu vya kazini. Mume wake alianguka kutoka juu ya paa walilokuwa wanaezeka. Alikuwa ameshakufa. Daktari akaniambia tuingie, nimwambie.

Nikakaa mbele yake. Daktari akafungua mdomo kuanza. Nami kabla hajasema neno nikasikia nimemuuliza yule dada kwa Kihispania, “Uko na nani hapa?”

Akasema yuko peke yake. Dada yake mkubwa yuko njiani, anatoka kazini Richardson.

Nikamgeukia daktari, nikamwomba tungoje huyo dada yake afike. Akaniambia hiyo si kazi yangu. Nikamwomba tena. Nafikiri aliniona machozi, akasema anatupa nusu saa, akatoka. Yule dada akanishika kiganja, akaniuliza kama mume wake anapumua. Nikamwambia madaktari bado wako naye. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Nikamuuliza kama amekula. Na pale pale nikajua sauti ile niliitoa wapi.

Dada yake alipofika, akakaa, akamzungushia mkono, ndipo nikamwambia. Alipiga kelele, akaanguka, lakini alianguka kwenye mikono ya mtu wake. Nilitoka nikaingia ndani ya gari pale kwenye maegesho.  Nusu saa moja tu ilikuwa imenimaliza. Mama yangu aliibeba siku kumi na nane, huku yeye mwenyewe ni mjane wa juzi, na hakuna siku aliyosahau kuniuliza nimekula. Nikalia nikimwambia Mungu, nifungue, mimi mwenyewe siwezi. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliwasha gari tu, nikashika barabara ya Houston bila hata kumuaga shangazi.

Nilimkuta mama jikoni. Alifuta mikono, akabaki amesimama, akiogopa kunisogelea. Mama yangu ananiogopa mimi! Nikapiga magoti. Nikamwambia, “Mama, mimi habari ya papa niliiona kwenye simu tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Niambie wewe.”

 Alichukua simu akawaita mamas wawili wa jirani, wale pale, mnawaona wanavyojifuta. Wakaja na vitambaa kichwani. Wakatandika mkeka. Wakaomba maji, wakanywa. Mmoja akakaa kushoto kwangu, mwingine kulia, mama akanishika mikono yote miwili. Akasema, “Mapendo, mwana wangu. Papa yako alitutoka. Alianguka kazini siku ya Alhamisi, hakuamka tena. Tulimzika vizuri.”

Nilijua kila neno kabla hajalisema. Nikalia kama ndiyo kwanza nasikia.

Ndugu zangu, Mungu hakunirudishia papa. Ile simu ya mgahawani sitaipokea upya, na kuna siku hilo linanilaza kitandani mpaka mchana. Ushuhuda wangu hauna kicheko mwishoni. Lakini nilikuwa nimefungwa, na leo nimefunguliwa. Kama upo hapa na kuna simu ya mzazi unayoiacha ilie, mwamini Mungu huyu, mpe uchungu huo, hata kama umemkosea na yeye amekukosea. Usingoje uwe na nguvu. Mimi sikuwa nayo.

Sasa nimalize. Ile sauti niliituma kwa watu wote, kwa hiyo na haya myasikie wote. Mama, hukunizikia papa kwa siri. Ulibeba kifo chake peke yako ili mimi nisikibebe peke yangu. Nilikuita mwongo mbele ya kanisa, na mbele ya kanisa naomba unisamehe. Sogeza mkoba wako, nashuka kuja kukaa hapo nawe. Amina.