Kiingereza cha Kaka Yangu Paluku Benoît

Padri wetu, mashehe mliokuja pamoja na Mwalimu Hanifah, wenyeji wa Karambi mliotupokea, na ninyi ndugu mliovuka mpaka leo asubuhi mkiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, mimi ni Kambale Caleb, mdogo wa marehemu, yule mchekeshaji. Najua wapo ambao wakiniona tu nimesimama mbele ya watu midomo inaanza kuwacheza yenyewe, basi ichekeni hii suruali ya kuazima iliyoishia kwenye miundi, mcheke mmalize, maana baada ya hapo sina kichekesho kingine cha kuwapa.

Marehemu Paluku Benoît alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 mjini Butembo, kule Kongo, kifungua mimba wa baba na mama yetu, nami nikamfuata miaka mitano baadaye nikipiga kelele ambazo, kwa maneno ya mama, sijaziacha hadi leo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya mapadri hukohuko Butembo, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1987, na wenzake wakikimbilia mpira yeye alikuwa akibaki darasani kuunganisha vitabu vilivyochanika, bila kutumwa na mtu.

Tarehe 2 Oktoba 1989 aliajiriwa kutunza maktaba ya shule moja ya sekondari pale mjini, na kwa zaidi ya miaka thelathini na mmoja alivijua vitabu vyake elfu nne kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, huyu mgonjwa, huyu mtoro, huyu yuko kwa mwalimu fulani tangu Pasaka.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Esperance Kavugho tarehe 6 Agosti 1994, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rachelle mwaka 1997 na David mwaka 2001, wote wako hapa mbele yenu.

Tarehe 9 Julai 2021, vita vilipofika kwenye mtaa wao, maktaba ikiwa imekwisha kuchomwa, marehemu alivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Uganda na mkewe, godoro moja, mkasi, na kile kibanio chake cha mbao cha kubana vitabu. Hapo Bwera akaketi kwenye baraza la duka la Mwalimu Hanifah, akawa anatengeneza vitabu vya shule kwa gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe kwenye kopo. Nilipomuuliza kama anajisikia nyumbani, alinijibu bila kuinua kichwa, "Mudogo yangu, mu Butembo nilikuwa mutu wa vitabu, hapa niko mutu wa gundi."

Mwaka 2022 Bwana Byaruhanga, mkuu wa shule moja kule Munkunyu, aliiona kazi yake, akamwambia shule inatafuta mtunza maktaba, ila kazi ni ya Kiingereza, na kamati itamhoji kwa Kiingereza. Kaka yangu, mwenye miaka hamsini na minne, mtu wa Kifaransa cha shule ya mapadri, akamgeukia Mwalimu Hanifah, mke wa Siraj mwenye lori, akasema, "Madame, unifundishe, nataka nirudie kuwa mutu."

Mwalimu Hanifah alikuwa na sheria moja, msemo mmoja kwa wiki, na wiki nzima uutumie kwa kila mtu, ukiuacha hupewi mwingine. Ikaja wiki ya "look up", yaani kutafuta neno kwenye kamusi, ikaja ya "run out", yaani kuishiwa, hata shemeji, Mama Rachelle, akajua kusema chumvi imekwisha kwa Kiingereza, yakaja majina ya viungo vya kitabu, "spine" ule uti wa mgongo wake, "cover" jalada, "index" ile orodha ya mwisho. Halafu ikaja wiki ya "hold on", subiri kidogo, na hiyo ikamganda, akawaambia wauza samaki hold on, akawaambia bodaboda hold on, akamwambia hata Padri aliyetaka kumwekea mikono kichwani, hold on, nivue kofia. Soko zima likamwita Muzee Hold On.

Na mimi, ndugu zangu, nikaona mali. Nikamtengenezea mchezo wa Muzee Hold On, nikavaa koti kama lake, nikapaka gundi vidoleni, nikauonyesha Kikorongo pale mabasi yanaposimama, watu wakagaragara, wakanirekodi kwenye simu, ukafika Kasese mjini kabla yangu. Shemeji alinivuta pembeni akaniambia, "Caleb, uache ile mambo, kaka yako iko nalia mu nyumba," nikamjibu, "Mama Rachelle, analia kwa sababu ameonekana, huo ndio ustaa."

Tarehe 17 Machi 2023 alisimama mbele ya kamati kule Munkunyu, na Bwana Byaruhanga ameniruhusu niseme kwamba aliwaeleza kazi ya maktaba kwa nusu saa bila kujikwaa. Walipofikia swali la mwisho aliomba muda kidogo afikiri, akasema "Please, hold on", na mjumbe mmoja akapiga meza, "Jamani, si ni huyu wa kwenye simu!" chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, na siku iliyofuata kazi akapewa mwingine. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakutamka neno la Kiingereza mbele ya mtu.

Tumbo lilianza kumsumbua mwezi Februari mwaka huu, na tarehe 19 Mei 2025 tulimfikisha hospitali mjini Kasese, akapokelewa na Daktari Aryemo, mtoto wa kaskazini, asiyejua Kiswahili wala Kinande chetu cha nyumbani. Wauguzi walitaka kutafsiri, mimi nikasema hapana, mimi ndiye msomi wa familia, niachieni. Kaka akaeleza kwa Kinande, polepole, maneno mengi, na mimi nikayafupisha, nikamwambia daktari kwamba tumbo la mzee linagombana na maharage, daktari akacheka, nami nikafurahi kwamba nimechangamsha wodi. Siku ya pili hivyohivyo. Kaka alikuwa anasikia Kiingereza changu chote, aliona nilichokitupa, akanitazama tu, akafumba macho.

Alifariki tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, kwa kidonda cha tumbo kilichopasuka, na daktari alituambia kwamba mtu wa namna hiyo, dalili zikijulikana mapema, hupasuliwa, na wengi hupona.

Rachelle alikuta karatasi kwenye mfuko wa shati la baba yake, mwandiko wa marehemu, tarehe ya Jumatatu ile tuliyomfikisha hospitali, na familia imenituma niisome kama ilivyo. "Doctor, the pain comes and goes. When it flares up, I pass out. I cannot keep food down. Please ask me, not my brother. He leaves things out." Yaani, daktari, maumivu huja na kuondoka, yakiwaka ninazimia, chakula hakikai tumboni, tafadhali uniulize mimi, usimuulize mdogo wangu, yeye huacha mambo mengine bila kuyasema. Mwalimu Hanifah ameipitia mara tatu, hakuna kosa.

Familia inamshukuru Daktari Aryemo na wauguzi, hatuna neno nao, inawashukuru Mwalimu Hanifah na Siraj kwa baraza, kwa masomo na kwa lori lililomleta hapa, majirani wa Bwera, watengeneza vitabu wenzake, Bwana Byaruhanga aliyekuja ingawa ilikuwa vigumu kuja, na Mzee Kosiya wa hapa Karambi aliyempa mgeni kipande cha ardhi ya kulala.

Kaka, nimesoma yote, sikufupisha. Pumzika kwa amani.