Pasteur Félicien na Safari ya Isangi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Pasteur Félicien, mchungaji mstaafu wa hapa kwetu Kisangani. Alituaga Jumatano iliyopita, nyumbani kwake, mkewe Mama Marceline akiwa kando yake. Alizikwa Jumamosi.

Alizaliwa katika familia ya wavuvi wa kwenye maporomoko. Kanisa lilimvika koti, lakini miguu yake haikupatana na viatu hata siku moja. Ibada ikiisha tu, anakunja suruali, anashuka mtoni. Msimu wa mbinzo, wale viwavi watamu wa msituni, alirudi na kikapu kimejaa na shati limechanika. Mama Marceline alimgombeza huku akibandika sufuria.

"Alipenda kuhubiri kwa miti," anatuambia Mama Marceline. "Alikuwa anasemaka: miti hailale wakati ya sermon."

Basi tumfuate binti yake wa pekee, Daniella. Alipokuwa msichana mdogo, baba yake alimwahidi safari ya mtumbwi mpaka Isangi, alikozaliwa bibi yake. Wawili tu, baba na mtoto. Wangelala kwenye mchanga, wangekula liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani. Ahadi ni deni, mnajua. Mfuko wa safari ulifungwa. Kikaja kilio mtaa wa Mangobo, mfuko ukafunguliwa. Mwaka uliofuata ukafungwa tena, kikaja kilio mtaa wa Kabondo. Kifo hakibishi hodi, na mchungaji hawezi kumwambia mfiwa arudi kesho.

Daniella akakua, akaolewa, akazaa, akaacha kuuliza. Aliumia, wasikilizaji. Alimpenda baba yake, na alimwonea wivu kila maiti wa mji huu.

Siku ya kustaafu, kanisa lilimwandalia mzee sherehe. Sote tulingoja hotuba, na kwa kumjua tulijiandaa kukaa sana. Yeye akasimama, akamtafuta Daniella kwa macho, akamwuliza mbele ya watu wote kama bado angependa kwenda Isangi. Daniella akajibu kwamba ana watoto, ana duka. Kisha akaenda nyuma ya kanisa kulia. Wiki ile ile walipanda mtumbwi wa injini. Kawia ufike.

Kabla ya Yangambi waliegesha kununua ndizi. Mwanamke aliyekuwa akiziuza ukingoni akamtambua mzee, maana ndiye aliyembatiza. Mtu hustaafu kazi, uso haustaafu. Akawaambia kijiji kina msiba, na ndizi zile ni za kutafuta pesa ya jeneza. Mama mkwe wake amefariki, na hakuna mchungaji wa kumzika. Israël, mwenye mtumbwi, akazima injini akangoja.

Daniella akatazama mfuko wake. Anasema moyo ulimshuka kabisa. Ndipo akasikia baba yake akikataa. Hakuwahi kumsikia akikataa.

"Mama, unisamehe," mzee alimwambia yule mwanamke. "Leo miye si pasteur. Leo miye iko papa ya Daniella, basi."

Neno hilo Daniella alikuwa amelingoja tangu utoto. Lilipokuja, hakuweza kulifurahia. Yule mwanamke hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaanza kupanda kurudi kijijini.

"Papa, tushuke," Daniella alisema. "Nitashuka na weye."

Kaburini, Daniella alimshikia baba yake Biblia, akaanzisha wimbo. Ibada ilipokwisha, wafiwa walikuja kumshukuru mchungaji. Mzee akamvuta binti yake mbele.

"Mushukuru huyu," alisema. "Tangu mutoto, alikuwa ananigawa na watu. Na miye, hata siku moja, sikumuomba ruhusa."

Walifika Isangi kwa kuchelewa, wakakaa huko mpaka ndugu wakaanza kuwatania kwamba wamehamia. Tulipomuuliza Daniella walizungumza nini siku zote hizo, alicheka, akasema hayo si ya redio.

Jumamosi, siku ya mazishi, watu walijaa mpaka barabarani. Kila mmoja alilia "papa yetu". Zamani maneno hayo yalimchoma Daniella. Jumamosi alipita katikati yao, akishika mkono wa huyu na wa yule, akiwaambia pole kama wao ndio waliofiwa.

Mama Marceline, Daniella, wajukuu na familia nzima ya Pasteur Félicien, poleni sana. Machozi yenu ni yetu. Mungu ampumzishe mzee wetu pahali pema.

Na wewe msikilizaji, labda ni muuguzi, labda ni mwalimu, labda ni askari kule kambini Kapalata. Watu wanakuhitaji, na ni vizuri. Lakini yuko mtu nyumbani kwako anayewagawia wengine muda wake na wewe, na hakuna anayemshukuru. Leo, kabla hujatoka, muombe ruhusa. Na siku akikataa, kaa.