Mwalimu Nathanaeli na Swali la Zebaki

Mwalimu Nathanaeli Alute anastaafu tarehe 30 Juni 1977, baada ya kufundisha fizikia shuleni kwetu kwa miaka ishirini na miwili. Zawadi ya redio ameikataa. Ameomba jambo moja tu, kwamba wasifu huu ulitaje kosa lake. Nimekubali shingo upande.

Nani asiyeijua dira yake, anayoining'iniza shingoni hadi kanisani? Mistari ya alizeti katika shamba la shule aliipanga kwa dira hiyo, ikanyooka mpaka mlangoni kwa Laurenti, mpishi wetu, aliyenuna wiki nzima.

Somo alilolipenda kuliko yote ni kwa nini baadhi ya sayari za mawe hupoteza usumaku. Alikuja darasani na vyungu viwili vya uji wa uwele, kikubwa na kidogo. Ndani ya Dunia, alieleza, kuna chuma kilichoyeyuka. Joto hukizungusha kama uji unaochemka, na mzunguko huo ndio unaozaa usumaku unaogeuza sindano ya dira. Sayari ndogo hupoa mapema. Chuma chake hutulia, usumaku hufa. Chombo cha angani kilichopita karibu na Mirihi mwaka 1965 hakikukuta usumaku wa maana. Zebaki, iliyo ndogo zaidi, aliihesabu kuwa imekufa zamani.

Mwaka 1971 Yunisi, msichana wa Kidato cha Nne kutoka Ulemo, alibisha. Zebaki ni ndogo lakini nzito kwa umbo lake, alisema, kwa hiyo imejaa chuma. Chungu kidogo kilichojaa pomoni huchelewa kupoa kuliko kikubwa chenye uji kidogo chini. Darasa lilicheka. Mwalimu, ambaye hakuzoea kubishiwa, alimpa sifuri, na kwenye ripoti akaandika kwamba hafai kwa sayansi. Yunisi hakuchaguliwa kuendelea. Alirudi kijijini kulima.

Mwaka 1975 jarida la sayansi lilitufikia, limechelewa mwaka mzima: chombo kingine kimepita Zebaki na kukuta usumaku. Nathanaeli alilisoma mara mbili, chai yake ikapoa. Jumamosi alipanda basi hadi Ulemo, akaomba radhi mbele ya wazazi wa Yunisi na majirani waliokuwa wakipura mtama. Yunisi alimwamkia, akampa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema. "Ila mimi nilitaka kusoma."

Tangu hapo Nathanaeli hatoi sifuri kabla ya kumuuliza mwanafunzi alifikiri nini, na walimu vijana wamemuiga. Ni jema, lakini kwa Yunisi maji yalikwisha kumwagika. Inaniuma kuliandika.

Niongeze ambalo hakuniomba. Ripoti ile ilipita mezani kwangu, mimi mkuu wa shule, nikaitia saini bila kuisoma. Jumamosi ile alinisihi twende wote. Nilimwambia nina kikao. Hapakuwa na kikao.

Asante, Mwalimu Nathanaeli, kwa kila uliyemfungua macho. Mungu akupe afya na mvua za kutosha huko kwenu Mgori. Unaondoka ukiwa umekwisha kwenda Ulemo. Mimi bado.