Nani Anakula Umeme Wetu?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha kupigia pasi, pale ambapo lami inakata tamaa na barabara inaendelea kwa vumbi. Ukiinuka bila kumtaarifu wa upande wa pili, anakwenda chini na kikombe chake. Wakaaji ni walewale. Pasi, mwenye kibanda, ananyoosha nguo za mtaa mzima kwa pasi ya mkaa na hajawahi kununua umeme hata siku moja, ndiyo maana ndiye anayeujadili kuliko wote. Karani, mstaafu, alitunza stoo ya vifaa miaka thelathini na mpaka leo akisema jambo anagonga goti lake kama anagonga muhuri. Dada Birika anauza kahawa, na ulimi wake una moto kuliko jiko lake. Halafu kuna Megawati. Jina hilo alijipa mwenyewe. Ni kijana wa miaka ishirini na tatu, aliachana na shule kabla hawajazoeana vizuri, anatengeneza redio na simu kwenye kona ya sebule ya mama yake, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna waya duniani unaoweza kumficha kitu.

Siku hiyo alifika saa sita mchana, akakaa kwa kishindo mpaka Karani akashika ubao kwa mikono miwili.

— Dada Birika, weka kahawa nzito. Leo kichwa kina kazi ya watu wazima.

— Kichwa au mdomo? akauliza Dada Birika, huku anamimina.

— Mama anauza friji. Mwenye mkokoteni anakuja kuichukua saa nane. Amenipa mpaka hapo: nimwambie nani anakula umeme wetu, la sivyo friji inakwenda.

Pasi akaweka pasi yake juu ya kigae.

— Sasa dawa ya bibi itakaa wapi?

Hapo ndipo palipouma. Bibi yake Megawati ana sukari, na dawa yake ya kujichoma inakaa kwenye mlango wa friji ile, kando ya chupa za maji. Mama alikwishapiga hesabu zake: atanunua barafu dukani kila siku, aiweke kwenye chupa ya chai, dawa ikae humo. Friji ndiyo mwizi, alisema. Tangu miezi minne iliyopita, hela ileile ya umeme iliyokuwa inavusha mwezi mzima sasa inafika tarehe kumi na tano, taa zinazima watu wakiwa na kijiko mdomoni.

— Friji haina kosa, akasema Megawati. Mimi friji ile naijua ndani nje.

— Uliifungua lini? akauliza Karani.

— Si lazima niifungue, mzee wangu. Fundi wa kweli anasikiliza tu.

— Na umesikia nini?

— Imeniambia haihusiki.

Dada Birika akacheka mpaka birika likayumba. Megawati akamsubiri amalize, kama daktari anayemsubiri mgonjwa avae viatu.

— Cheka. Kinachotokea pale ni kuvuja. Soketi isiyochomekwa kitu ni bomba lisilo na koki. Umeme unamwagika usiku na mchana, hamuuoni kwa sababu hauna rangi. Nimezifunga zote kwa plasta.

— Zote?

— Zote kumi na moja.

— Hata ya birika la umeme? akauliza Karani.

Megawati akanywa kahawa kidogo. Ukweli ni kwamba nyumba ilikaa siku mbili bila chai. Siku ya tatu mama yake akabandua plasta moja baada ya nyingine na kumbandikia kwenye redio zake, kimya, bila neno la matusi, na kimya cha mama yule kinatisha kuliko matusi ya mama wengine. Yuniti nazo ziliendelea kukimbia vilevile.

— Yalikuwa majaribio, akasema. Wataalamu tunaanza na majaribio.

— Niwaambie mimi, akasema Pasi, akijifuta mikono. Nyumba yao ni ya mwisho kwenye laini, sivyo? Nguzo zinaisha kwao. Sasa umeme umetoka huko kwenye mitambo, umepanda milima, umeshuka mabonde. Unafika kwa kina Megawati umechoka na una njaa. Wa kwanza kwenye laini wanaupata ukiwa mbichi. Hawa wanalipia chakula cha safari.

Megawati aliona wivu. Ilikuwa nadharia nzuri, na haikuwa yake.

— Hilo nalijua zamani, akasema. Sisi tunaliita uchovu wa nyaya. Sikutaka kuwachanganya.

— Sisi nani? akauliza Dada Birika.

— Sisi wa fani.

Karani akagonga goti. Wote wakamtazama, maana goti likishagongwa faili limefunguliwa.

— Mita yenu imefungwa ukuta upi?

— Wa mbele, unaotazama barabara.

— Basi ni mtikisiko. Kule stoo tulikuwa na mzani wa namna hiyo. Mtu akipiga chafya nyuma yako, mzigo unaongezeka nusu kilo. Pikipiki ikipita pale kwenu, mita inashtuka, inahesabu. Lori likipita inahesabu mara kumi. Mnalipia barabara nzima, kijana.

— Kwa hiyo tufanye nini, mzee?

— Funika na godoro.

— Lipi?

— La yule asiye na kazi ya maana humo ndani.

— Hilo la kwako, Mega, akasema Dada Birika. Mimi sina elimu ya mzani, lakini nauliza: zile simu tatu unazochaji usiku kucha, mbili si mbovu?

— Mbovu lakini zina matumaini.

— Ndizo zinazokula.

— Dada yangu, simu inakula kidogo kuliko panya. Wewe kaa na kahawa, mambo ya umeme tuachie.

Alisema hivyo kwa dharau kidogo, lakini jicho lilikuwa kwenye kivuli cha kibanda, kilichokwishasogea mpaka mguu wa jiko. Saa saba ilikuwa imepita. Kichwani aliona mlango wa friji ukifunguka mahali pengine, kwa watu asiowajua, wanaweka soda pale pa dawa ya bibi. Ndipo alipotoa nadharia aliyokuwa ameificha, ile kubwa.

— Haya. Sikutaka kuisema, ila kwa kuwa muda umebana. Mita ina akili.

— Aaa! akasema Pasi.

— Sikiliza! Mita za siku hizi zina kompyuta ndani. Inawasoma watu. Ikiona nyumba ina mtaalamu, vifaa vinaingia, vifaa vinatoka, inajua hapa pana uwezo. Inapandisha hesabu. Tatizo la nyumba yetu ni mimi, kwa maana ya kwamba nimezidi.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo tangu juma lililopita nikipita mbele yake navaa lile shati langu lililochanika. Na nakohoa.

Hakuna aliyecheka mara moja, na hilo ndilo la ajabu. Karani alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama anayeona mantiki. Pasi aliuliza kama kukohoa ni mara moja au kila ukipita. Walikuwa wamefika kwenye kujadili kama bibi naye aegemee fimbo zaidi akiwa mbele ya mita, ndipo akaja mwanamke amebeba mapazia mawili mkononi.

Alikuwa fundi cherehani aliyehamia mtaani mwezi uliopita, mtu wa maneno machache, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akampa Pasi mapazia, akasimama kusubiri, na kwa kuwa watu walikuwa wanapiga kelele hakuwa na namna ya kutosikia.

— Samahani, mdogo wangu, akamwambia Megawati. Hela mnayonunulia ni ileile ya zamani?

— Ileile, dada.

— Na yuniti unazoletewa ni zilezile?

 Megawati akautazama ubao. Pasi akatazama mkaa. Karani akaanza kugonga goti, akaacha katikati. Miezi minne walikuwa wamejadili umeme unavyovuja, unavyochoka na unavyosoma watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia namba hiyo.

— Wewe ndiye unayenunua kwa simu? Nionyeshe ujumbe.

Akampa simu. Yule fundi akashuka nao kwa kidole.

— Ona, mwezi wa nne uliletewa hizi. Uliofuata, kwa hela hiyohiyo, ukaletewa nusu. Hakuna kinachokula umeme wenu. Mnauziwa kwa bei ya juu tu. Mimi pia yalinikuta. Kule nilikotoka nilipanga chumba kilichowahi kuwa duka, nikalipa bei ya duka mwaka mzima, nikidhani inayokula ni pasi yangu ya umeme, mpaka nikaiuza. Mita yenu imeandikishwa kama nyumba, au kama nini?

— Nyumba, akasema Megawati. Nyumba ya kuishi. Itakuwa nini tena?

— Hapa chini pameandikwa kundi, akasema fundi cherehani. Akasogeza simu karibu na macho. "Kundi: kiwanda kidogo."

Dada Birika akaweka birika chini.

— Kiwanda? Cha nani?

— Wamekosea! akasema Pasi. Nyumba ile ina kiwanda gani? Nenda ukawafokee, Mega. Nani aliwaambia kuna kiwanda?

Hapo Megawati alisikia masikio yanapata joto, la kushoto kwanza. Kwa sababu alimkumbuka vizuri sana aliyewaambia. Miezi minne iliyopita walikuja watu wawili wa kampuni ya umeme, wenye karatasi, kuandikisha mita upya, mama yuko sokoni, bibi kalala. Mmoja akamtazama juu mpaka chini na kumuuliza: "Mdogo wangu, mkubwa yupo?" Mdogo wangu! Na bisibisi mbili mfukoni! Akawajibu: "Mkubwa unamwona." Wakamuuliza jengo linatumika kwa shughuli gani, na yeye, badala ya kusema tunakaa hapa mimi, mama na bibi, akasema kiwanda cha elektroniki. Wafanyakazi? Kumi na wanne. Mitambo? Mingine iko njiani. Wakampa kalamu, naye akatia saini ndefu yenye mkia, na chini yake akaandika Mkurugenzi. Walipoondoka alitembea sebuleni mikono nyuma, karibu saa nzima.

— Kwa hiyo ni nani? akarudia Pasi.

Megawati akainua kichwa: mkokoteni ulikuwa unakuja.

Friji ilikuwa imelazwa juu yake, imefungwa kamba, mlango umebanwa na kitambaa cha jikoni. Kijana wa mkokoteni alikuwa anauvuta, mgongo wazi. Nyuma yake alitembea mama yake Megawati na chupa ya chai mikononi, ameikumbatia kifuani, na chupa ile haikuwa na chai. Hakuwatazama watu wa benchi. Alikuwa anatazama asijikwae.

Megawati akainuka. Karani akaenda chini na kikombe chake, wala hakuna aliyemwokota.

— Mama, usiuze.

— Umempata anayekula?

— Hamna anayekula.

— Basi nipishe. Nitapewa hela ya friji tukifika dukani, ninunue barafu nyingine. Hii inayeyuka.

Angeweza kusema ni kampuni. Angeweza kusema wamekosea, na benchi lote lingemtetea kwa sauti. Maneno yalikuwa yamekwishajipanga mdomoni, mazuri, ya kitaalamu. Akaitazama chupa.

— Kiwanda ni mimi, mama.

— Umesemaje?

Akamwambia. Alimwambia yote hadharani, mbele ya kijana wa mkokoteni na mapazia ya watu: kiwanda, mitambo ya njiani, wafanyakazi kumi na wanne, saini yenye mkia. Kila alipofikiri ameshamaliza, lilibaki jambo jingine la kijinga zaidi. Yule fundi cherehani akaongeza kwa upole kwamba linarekebishika: aende ofisi za kampuni, ajaze fomu kwa mkono wake kwamba pale ni nyumba tu na hakuna kazi ya maana inayofanyika, watakuja wakague, bei ishuke. Yeye ilimchukua wiki mbili.

— Aandike hivyo kwa mkono wake? akauliza Dada Birika. Hakuna kazi ya maana? Naomba kwenda kushuhudia.

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anatafuta mahali alipoanzia kuharibika.

— Kumi na wanne, akasema.

— Ndiyo, mama.

— Katika hao kumi na wanne, mimi nilikuwa nani?

Megawati akatafuta cheo. Akapita kwenye vyeo vyote alivyowahi kuvisikia, kimoja kimoja, na mama yake amesimama juani na barafu ya bibi kifuani. Hakuna hata kimoja kilichomtosha.

Akaenda mbele ya mkokoteni, akapokea mpini kutoka kwa yule kijana.

— Na ujira wangu? akalalamika kijana.

— Utapewa, mama akasema. Mwache avute.

Megawati akaugeuza mkokoteni, akaanza kupanda nao kuelekea nyumbani, miguu inateleza kwenye vumbi, na watu wa benchi nyuma yake wakimhesabia mashimo. Mama akafuata na chupa yake, akamwambia:

— Taratibu na huo mlango, mkurugenzi.