Vidoti Vitatu vya Nyundo

Niinulieni mto, wanangu, kisha kaeni mnisikilize. Bunhiong, weka simu chini. Wateja wako wana muda, mimi sina. Nawe Siokhun, acha uji, sitaunywa.

Nyumba nampa Siokhun, aliyerudi hapa Houli kuniuguza, na karakana ya nyuma ni ya Bunhiong, ambaye tangu zamani anaitawala kama yake. Hayo yameandikwa. Lililobaki sikuliandika, na miaka minane limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mnajua nilifua shaba za saksafoni miaka arobaini na moja, na kila moja ilitoka hapa ikiwa na jina la watu wa ng'ambo. Sisi hatukuruhusiwa kuacha hata alama ya kidole. Lakini mwaka ule mama yenu alipokuwa na mimba yako, Bunhiong, nilifua moja iliyonitoa machozi, nikaigonga vidoti vitatu chini ya pete inayoshika mdomo mpana wa saksafoni, mahali pa kuchungulia tu: mimi, yeye na wewe uliyekuwa njiani. Ikaenda zake.

Nilipostaafu nikatafuta saksafoni ya kupiga mwenyewe, iliyotumiwa na mpigaji hasa na kutunzwa. Bunhiong, ulinicheka. "Mtu wa Houli, mji wa saksafoni, ananunua kuukuu? Watu watadhani tumefilisika, Baba." Nikaenda Fengyuan kwa Bibi Koa, mjane wa mwalimu wa muziki. Niliingiza taa ndani ya bomba, nikafunga vifuniko vya matundu kimoja kimoja, na hapakupenya hata uzi wa mwanga. Ngozi za ndani ya vifuniko zilikuwa laini, na vanishi ilikuwa ileile ya kwanza, isipokuwa pale gumba la mwalimu lilipokaa miaka thelathini. Pale palibaki shaba tupu. Bibi Koa akanitazama weee, mwisho akasema, "Fundi Tsiam, unanunua au unaposa? Marehemu mwenyewe hakunichunguza hivyo." Nikaipindua kuficha aibu, nikaviona vidoti vyangu.

Nikainunua, sikumwambia yeye wala nyinyi. Nilitaka kuwaonyesha siku nitakapotimiza miaka sabini, mbele ya tambi za maisha marefu. Siku ilipofika, wewe Bunhiong ukaileta mezani imefungwa kitambaa chekundu, kumbe uliichukua kabatini siku kumi kabla. Ulikuwa umeikwangua vanishi, umeisugua kwa mashine, umeichovya dhahabu. "Sasa, Baba, hata wewe huwezi kujua kuwa ni kuukuu." Wageni wakapiga makofi. Nikapapasa chini ya pete: laini kama yai. Nikapuliza, pumzi ikavuja kila upande, maana mashine ilikuwa imekula kingo za matundu. Nikasema ni nzuri, nikala tambi. Mlidhani ni mapafu yaliyonizuia kupiga. Mapafu yalikuja baadaye.

Nilikuchukia, mwanangu. Kila ulipoingia na chai nilikuchukia, na ulikuwa unaingia na chai kila siku. Halafu nilipolala hapa bila kazi nikaanza kujiuliza nani alikufundisha kuona doa kuwa aibu. Ulikuwa na miaka tisa nilipokuchapa viganja kwa mpini wa brashi, kwa ajili ya alama moja ya kidole kwenye shaba. Tangu siku hiyo huwezi kugusa kitu bila kufuta mkono. Ulinipa kilekile nilichokupa. Hasira yangu haijaisha, ila imekosa pa kusimama.

Sasa shikeni haya. Bunhiong, nimesikia umeagiza saksafoni ya karatasi ya kunichomea nikifa, ili inifuate huko, ya rangi ya dhahabu. Usiichome. Ile ya kweli isiuzwe, wala isiwekwe karibu na picha yangu kwenye madhabahu ya wazee wetu. Sawazisha matundu, weka ngozi mpya, kisha uipige, hata kama hujui. Siokhun, mfichie glovu zake. Apige kwa mikono mitupu yenye jasho, asiifute, mpaka dhahabu itoke pale chini ya gumba na shaba ionekane. Siku hiyo ujue nimekusamehe. Leo nasema kwa mdomo tu.

Msigombane... nyinyi wawili. Wazee wetu wawatazame. Mle vizuri, mlale vizuri, wana wenu wawacheke mkiwa hai.

Fungua dirisha, Siokhun. Kidogo tu.

Bunhiong... lete mkono. Hapana. Usiufute kwanza.