Papa Félicien, Aliyempa Koko Viti vya Joto

Leo, tarehe thelathini mwezi wa sita, Papa Félicien Lonema anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza umeme wa magari katika garaji letu la Mbunya. Kwa wageni wasiotujua, magari yetu huteremsha wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali za Bunia. Mimi Clarisse, wa depo ya vipuri, nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu, wanasema, alinigombeza mimi kuliko wote. Ni kweli kabisa.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, bisibisi moja mfukoni. Vita vilipoingia mjini, wengine walikimbia na magodoro yao. Yeye alizika kwanza vifaa vya garaji katika shamba la mihogo la jirani, ndipo akakimbia. Aliporudi alivichimbua vyote isipokuwa nyundo moja, na mpaka leo anamshuku yule jirani. Akisikia redio inaimba ndani ya gari lililozimwa, hutoka mbio kama nyumba inaungua. Mtajua kwa nini.

Koko mnamjua, pikapu letu la mwaka 1984, tulilolipa jina hilo, yaani bibi, kwa ajili ya uzee wake na kikohozi chake. Magari mapya yanakwama katika matope ya Djugu, Koko anapita. Ila mbele kulikuwa na benchi gumu, sponji yake imekwisha zamani. Muuguzi wetu Musoki kila safari alirudi na uchungu uleule: kule juu milimani baridi inauma, na mama aliyepoteza damu akishikwa na baridi, damu haisimami upesi. Wengine walifika Bunia vidole vimeganda.

Basi Papa Félicien akaomba viti viwili vya mbele kutoka gari la tajiri mmoja lililopinduka na kuachwa kwetu. Viti vya ngozi, vyenye mota za kuvisogeza na kulaza mgongo, na nyaya za joto ndani yake. Tulicheka, jamani! Bunia yote inatafuta kivuli, yeye anataka kupika watu makalio! Fabrice, fundi wa kuchomea vyuma, alitengeneza miguu mipya, maana matundu ya sakafu ya Koko hayakukubaliana na ya viti hata moja. Siku kitufe kilipobonyezwa na kiti cha abiria kikajilaza chenyewe taratibu, Musoki alipiga vigelegele.

Lakini barieri za huku, vizuizi vya askari njiani, mnazijua. Zima moteri, toa ufunguo, shukeni wote isipokuwa mgonjwa, na mnangoja mpaka mwenye amri amalize kula. Papa Félicien aliwaza hayo. Hakutaka mama agande wakati wenzake wanaonyesha vitambulisho. Kwa hiyo aliunga nyaya za viti moja kwa moja kwenye batri, joto liendelee hata ufunguo ukiwa mkononi mwa askari. Lilikuwa wazo la huruma. Batri ilikuwa moja tu.

Miaka saba iliyopita, katika mvua za Aprili, mama kijana aitwaye Divine alijifungua porini, familia yake ikikimbia mapigano ya Djugu. Koko alimchukua yeye, kichanga chake na mama yake mzazi, Geneviève. Kwenye barieri walizuiliwa tangu asubuhi hadi jua likainama. Joto liliwaka mpaka likaisha. Waliporuhusiwa kupita, dereva Kambale alizungusha ufunguo, na Koko hakukohoa hata mara moja. Walisukuma, matope yakakataa. Divine alifia palepale, damu ikimtoka, juu ya kile kiti kilicholazwa. Mtoto aliyekuwa kwapani mwake alikuwa hai, bado na joto.

Papa Félicien alipopata habari alifunua boneti, akaangalia nyaya alizozifunga mwenyewe, akakaa chini kwenye mafuta machafu. Baadaye aliweka batri ya pili, ya viti peke yake, na kifaa cha kuitenganisha na ile ya gari. Tangu hapo Koko hajalala njiani kwa kukosa umeme, na akina mama wengi wamefika hai. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Hataki isemwe, nami nasema.

Ila yeye mwenyewe hajawahi kukikalia kile kiti. Mvua au vumbi, anapanda nyuma. Niliwahi kumgombeza, zamu yangu na mimi, akanijibu kwamba kiti kina mwenyewe.

Desturi yetu ni kumsindikiza mstaafu hadi nyumbani kwa honi. Leo Koko atampeleka kwake Saio, na mzee ameshatangaza kwamba atapanda nyuma. Ndiyo maana nilifanya jambo asilolijua. Nilimwendea Mama Geneviève kwenye kambi ya waliohamishwa na vita, anapomlea mjukuu wake Plamedie, kile kichanga cha Divine. Niliogopa sana. Alichambua maharage yake bila kunitazama, kisha akasema:

"Ninaonaka ule muzee anapitiaka mbali, anaogopa macho yangu. Mutoto wangu alikufa, na iko inaniuma mpaka leo. Lakini ile joto njo ilinichungia huyu mujukuu. Mumuambie akae mbele. Siye tutapanda nyuma."

Wapo hapa leo, yeye na Plamedie.

Papa Félicien, asante kwa mikono yako, na hata kwa makelele yako. Mungu akupe siku nyingi pale Saio, na majirani wasioiba nyundo. Sasa usibishane na Mama Geneviève. Panda mbele. Kiti kimeshapata joto.