Picha za Marehemu Zilizofungwa

Ndugu zangu wa kikundi, mniruhusu niseme kabla hatujaomba. Mnanijua, ni mimi ninayechapa vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu, pale Busia, upande wa Uganda. Leo sitafuti wateja. Nimekuja kukiri.

Watu wa msiba huja na haraka. Mtu anakuletea flashi iliyovuka Kenya ikarudi, imechomekwa kila duka, na mwili unatoka mochari kesho. Kompyuta ikipiga kelele kwamba flashi ina virusi, mimi nilikuwa nazima ulinzi. Mtu analia mbele yangu, nimwambie habari za virusi? Hata programu ya kupangia kurasa nilipewa bure, ya wizi. Fundi aliniambia baadaye kwamba hizo huficha virusi ndani.

Asubuhi moja nikawasha, picha zote zimefungwa. Marehemu wote niliowachapa kwa miaka sita! Kwenye kioo barua tu: lipa, tukufungulie.

Wiki hiyohiyo akaja mzee mmoja kutoka Dabani. Picha pekee aliyokuwa nayo ya marehemu mkewe, niliyomchapia mimi, aliibandika kwenye msalaba wa kaburi, kama tunavyofanya, mvua ikaifuta.

"Mama, nitolee ingine. Si iko kwa kompyuta?"

Nikamdanganya eti umeme hakuna. Akarudi mara tatu, kwa miguu. Jamani, niliona haya hata kula.

Mara ya nne nikamwambia ukweli wote. Akauliza, "Sasa huyu mama amekufa tena?"

Nililia mbele ya wateja. Siku hiyo ndipo nilipokuja kwenu kuomba msaada.

Hamkunicheka. Mlipita nyumba kwa nyumba hadi Mella, mkiomba watu wafungue Biblia zao, maana vijitabu vya mazishi huwa tunavihifadhi humo. Fundi alinikataza kuwalipa wale wezi, kwani wangeweza kula pesa na wasifungue. Akafuta kompyuta yote, akaanza upya.

Nawaambia, ulinzi usizimwe hata kwa machozi ya mtu. Kagueni kila flashi, msiweke programu za wizi, na kompyuta ikiomba kusasishwa, ikubalieni. Nakala ya pili ya kazi zenu ikae kando, kwenye diski iliyochomolewa. Yangu naiweka kabatini.

Kijitabu cha yule mama kilipatikana Mwello, kwa dada yake, kimekunjwa katikati ya uso. Niliipiga picha upya nikajitahidi kuisafisha, mkunjo haukutoka wote. Mzee akapitisha kidole pale.

"Ni yeye," akasema.

Asanteni, ndugu zangu. Kwa wale marehemu ambao picha zao hatujazipata, bado natafuta.